Msaada: maiki 8 mezani, geti inameza mwanzo wa maneno

sauti_safi
Wakuu habari zenu. Nina mjadala wiki ijayo, watu 8 mezani na kila mmoja ana maiki yake. Mara ya mwisho niliweka geti (inayofunga maiki isiyo na sauti) kila chaneli, ikawa mtu akianza kuongea silabi ya kwanza inamezwa, kuna mama alisema "Siungi mkono hoja hii" ukumbini ikasikika "ungi mkono hoja hii" na nusu ya watu wakapiga makofi wakidhani anaunga, iliniuma sana kwa kweli. Nikiacha zote wazi zinapiga mluzi na sauti inakuwa kama mtu yuko ndani ya pipa. Miksa yangu ya dijitali ina otomiksa (inayopandisha na kushusha maiki yenyewe) ndani yake ila nikiiwasha sioni tofauti. Naanzia wapi?

mzee_wa_feda
Pole mkuu. Geti inasubiri sauti ivuke kizingiti ndo ifungue, sasa ile "s" ni nyepesi haina nguvu kama irabu, inapita wakati mlango bado umefungwa. Otomiksa ya kugawana geini (ukuzaji wa sauti), aliyoibuni Dan Dugan miaka ya 1970, haifanyi hivyo. Yenyewe inalinganisha kila maiki na jumla ya maiki zote, anayeongea anapewa fungu kubwa wengine wanashuka papo hapo, na jumla inabaki ya maiki moja tu. Wote wakinyamaza kila maiki inashuka desibeli 9, na hizo 9 ndizo unazopoteza ukiacha 8 wazi, maana kila ukizidisha maiki mara mbili unapoteza 3 kabla ya mluzi.

Toa geti zote kwanza. Otomiksa ikiwa imezimwa panga geini ya kila maiki mtu akiongea kwa sauti yake ya kawaida, kata besi chini ya hezi 100 hivi, feda (vitelezi vya sauti) zote usawa mmoja, uzito (kipaumbele cha kila maiki kwenye otomiksa) sawa kwa wote, halafu ndo uwashe.

chaneli_ya_tatu
Kwamba huoni tofauti, angalia kama chaneli zote 8 ziko kundi moja la otomiksa. Na kompresa (inayobana sauti kubwa) usiiweke kabla yake, inasawazisha sauti mpaka otomiksa haijui nani anaongea, iweke kwenye basi (njia ya pamoja) la maiki zote. Muziki usiuingize humo kabisa, utawanyang'anya wasemaji fungu lao.

sauti_safi
Asanteni sana wakuu, kweli chaneli 5 zilikuwa nje ya kundi!! Sasa inafanya kazi ila maiki ya 6 iko chini ya feni, mita yake inacheza hata pakiwa kimya. Nishushe uzito?

mzee_wa_feda
Shusha kidogo, desibeli 3 hivi, ila kwanza sogeza maiki karibu na mdomo, ukipunguza umbali nusu unapata kama desibeli 6 za bure na feni inabaki palepale. Angalizo, kwenye miksa nyingine otomiksa inasikiliza kabla ya feda, kwahiyo hata ukizima hiyo maiki inaendelea kula fungu, itoe kwenye kundi. Ukimaliza mkalishe mtu kila kiti aseme "Siungi mkono", wewe simama nyuma kabisa ya ukumbi usikilize hiyo "Si".