Majirani wa Plot, Kaptembwa

Mama Brian: Majirani, nani ako na gari? Baba Brian anauliza nani amefunga pazia, na pazia iko wazi, jua linawaka!

Wafula: Hiyo ni hangova mama. Mpe maziwa alale.

Mama Brian: Alikunywa jana jioni. Asubuhi ameamka sawa, hadi akachota maji. Hii imeanza saa saba.

Sista Atieno: Asilale. Anapumuaje?

Mama Brian: Kwa kasi, na ametapika.

Sista Atieno: Hapo nashuku methano, ile spiriti ya viwandani watu huongeza kwa chang'aa. Ini linaigeuza asidi polepole, ndiyo maana mtu anaamka mzima halafu baadaye macho yanaanza ukungu. Mwili unapumua hivyo ukijaribu kupunguza asidi.

Mzee Njoroge: Kirinyaga ilikuwa hivi hivi, Februari 2024. Watu walikufa. Nakuja na probox, niko kwa geti.

Mzee Njoroge: Lakini Sista, si husemwa pombe safi ndiyo dawa? Nina nusu chupa ya vodka.

Sista Atieno: Hujadanganywa, mzee. Pombe ya kawaida na methano zinapigania njia moja kwenye ini, na ya kawaida hushinda. Hospitalini inatumika kama fomepizoli, dawa yenyewe ya kuzuia methano, haipo, lakini inapimwa kwa uzito wa mtu, na sukari inaangaliwa. Tena haitoi asidi iliyokwisha kuingia, hiyo inataka dawa ya kupunguza asidi na mashine ya kuosha damu. Mtu anatapika hivyo umwagie vodka? Itaingia mapafu. Wacha hiyo chupa nyumbani!

Sista Atieno: Mama Brian, mpelekeni hospitali kubwa ya Level 5 moja kwa moja. Sema wazi ni chang'aa, alikunywa saa ngapi, macho yameanza saa ngapi. Usiseme ni malaria kwa sababu ya aibu. Kama kuna mabaki ya hiyo pombe, beba. Na walikunywa wangapi?

Mama Brian: Watatu. Yeye, fundi wa viatu, na Wafula.

Sista Atieno: Wafula?

Wafula: Mimi niko poa Sista. Hata nilishushia na bia mbili.

Sista Atieno: Hizo bia ndizo zimekuchelewesha. Zikiisha mwilini, methano inaanza kazi yake. Panda gari.

Wafula: Sioni haja.

Mzee Njoroge: Kijana, nakuhesabia hadi kumi. Na mpigie fundi.

Wafula: Fundi hashiki simu.

Mama Brian: Mlango wake umefungwa kutoka ndani 😭

Mzee Njoroge: Vunjeni.