Choo cha chumba cha chini, septiki ipo juu: maji taka yatapandaje?

MkaziGoba
Habari wakuu. Kiwanja kipo mteremkoni, Goba. Chini ya nyumba kuna chumba kilichochimbiwa ubavuni mwa kilima, nataka kiwe cha wageni, na bafu lake: choo, shawa na sinki. Shida ni kwamba septiki ipo juu karibu na geti ili gari la kunyonya lifike. Sakafu ya chumba ipo mita 1.6 chini ya bomba linaloingia kwenye chemba, umbali mita 14. Fundi ujenzi anasema ninyanyue choo kwa jukwaa, fundi bomba anasema pampu. Nimsikilize nani?

InchiNne
Jukwaa sahau. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, kwa hiyo kwa mita 14 unadaiwa sentimita 35 nyingine juu ya hizo 160. Utakaa chooni kichwa kikigusa dari.

Kabla ya pampu, angalia upande wa chini wa kiwanja. Kukiwa na nafasi ya septiki ndogo ya pili, maji yashuke yenyewe. Uliza tu kama mpira wa gari utafika, na kina kisizidi kama mita 6 kutoka gari liliposimama, maana mnyonyo una kikomo. Nafasi ikikosekana, fundi bomba yupo sahihi. Ila maji ya vyoo vya juu yasipitie kwenye pampu hata tone. Yaendelee na njia yake ya sasa. La sivyo pampu ikifa, nyumba nzima imekosa choo.

Mzamishaji
Naongezea upande wa pampu. Chimba kisima cha kukusanyia maji taka, ndimo pampu inakaa: kipenyo sentimita 60, kina mita 1.25 kutoka sakafuni, bomba la choo liingie sentimita 40 chini ya sakafu. Boya lizime pampu maji yakibaki sentimita 25 (hakikisha kiwango hicho kinakubalika kwa pampu yako), liwashe yakifika 45, kengele ilie 55. Kila mzunguko utasukuma lita 56 hivi. Bomba la inchi 2 la mita 15 linabeba lita 30, kwa hiyo uchafu wa zamani unatoka wote, haulali bombani. Usizidishe sana: mafuriko makubwa ya ghafla yanavuruga tope la septiki.

Pampu iwe ya maji taka, inayopitisha vipande vya milimita 50. Zile za kunyonya maji ya mvua zinapitisha milimita 10 au chini, zitaziba mapema. Kimo cha kupandisha kwako, kuanzia usawa wa maji kisimani hadi juu ya mfuniko wa chemba, ni kama mita 3.2, ongeza mita 1 ya msuguano. Tafuta inayotoa lita 120 kwa dakika kwenye mita 4 hadi 5. Dukani watakuonyesha kibao kilichoandikwa mita 10 na lita 250. Namba hizo mbili hazitokei pamoja: kwenye mita 10 hakuna maji yanayotoka. Omba mchoro wa pampu unaoonyesha inatoa lita ngapi kwa kila kimo.

Juu ya pampu weka yunioni (kiungo kinachofunguka), vali ya kuzuia maji kurudi, kisha geti valvu (koki ya kufunga bomba). Chini ya vali hiyo toboa tundu la milimita 4 kwenye bomba, ndani ya kisima. Bila tundu hewa inanasa, pampu inanguruma na maji hayapandi. Bomba lipande lipite usawa wa mfuniko wa chemba ndipo lishuke, na liunge kwa wai (kiungo cha umbo la Y), siyo tii (T).

InchiNne
Mfuniko wa kisima uwe na mpira na skrubu, na bomba la hewa la inchi 2 mpaka juu ya paa. Pia kisima cha plastiki kikiwa kitupu na maji ya ardhini yakipanda masika, kinasukumwa juu kwa nguvu ya kilo 350. Kizungushie zege, robo ya mita ya ujazo kwa uchache.

MkaziGoba
Asanteni sana. Umeme ukikatika je? Na choo cha kuchuchumaa kinawezekana?

Mzamishaji
Kutoka kengele hadi mdomo wa bomba umebakiwa na lita 85, kama mara kumi za kuflashi. Hatari ni shawa: kama tangi lako lipo juu ya mnara, maji yanaendelea kushuka hata umeme usipokuwepo, na mgeni hajui. Weka koki moja ya kufunga bafu hilo lote, mahali panapofikika. Kengele iwe na betri yake, na saketi tofauti na ya pampu.

Cha kuchuchumaa kinafaa kwa kisima, mradi trapu (mkunjo wa bomba unaobaki na maji kuzuia harufu) iwekwe ndani ya sakafu kabla ya kumwaga zege. Kile kiboksi cha kusaga kinachowekwa nyuma ya choo ndicho hakitakubali. Kinataka choo cha kukaa chenye mdomo wa nyuma, na shawa iliyonyanyuliwa.