Fundi anasema uwazi katikati ya nyumba ni shimo

MamaMkungu: Wakuu, naombeni ushauri. Nataka kujenga Kigamboni, kiwanja 20 kwa 20, ramani bado iko mezani. Fundi anataka vyumba vibanane katikati, kila kimoja na kiyoyozi chake, nje pevingi (vitofali vya kutandika chini) ukuta hadi ukuta "pasiwe na matope". Na mti wa mkungu wa kwenye kona ukatwe, eti unaangusha majani!

Wanangu wamekulia ghorofani Kariakoo. Tulipolala Pangani kwa bibi yao, mvua ilipiga bati usiku, mdogo akanikimbilia akidhani kuna kitu kinabomoka. Ana miaka sita. Nilicheka, halafu nikakosa usingizi. Nataka uwazi wa mita 3 kwa 3 katikati ya nyumba, usioezekwa, mvua waione wakiwa ndani. Kuna aliyejenga hivyo? Maji yanakwenda wapi?

WaMkomani: Dada, shimo hilo kwetu Lamu lina jina: kiwanda. Nimezaliwa nyumba ya mawe. Ukipita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unakutana nacho, na vyumba vinafungukia huko. Boriti za mikoko ni fupi, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba, mita 3 hivi kwa upana. Sakafu ya kiwanda ishushe kidato kimoja, iwe na mwinamo kuelekea tundu la maji. Paa litokeze mita nzima kuzunguka uwazi, la sivyo mvua ya upepo itakulowanishia makochi. Madirisha yatazame kaskazini na kusini: upepo wa kaskazi utaupata kuanzia Desemba, wa kusi kuanzia Aprili, na jua la jioni halitakuchoma.

Kiroboto: Mnasahau mbu na vibaka. Mimi niliweka kibustani ndani, mwaka haukuisha nikakimwagia zege.

MamaMkungu: Kiroboto, kilikuwa na tundu la maji? Maji yakituama lazima mbu wazaliane. Juu nitaweka grili, vyumbani nyavu. Ahsante WaMkomani. Maji ya tundu nitayapeleka kwa bomba hadi kwenye mkungu, pevingi ibaki njia ya gari tu. Mkungu haukatwi. Majani yake yakiwa mekundu mdogo anayaokota, mengine nayakuta kwenye begi la shule.

Fundi bado anacheka. Jumamosi nampandisha boti twende Mji Mkongwe akajionee nyumba zenye uwazi kama huo. Nauli juu yangu.