Hachibaki mpya ya turbo: keshi au mkopo wenye donge mwishoni?

Msukani: Wakuu, natafuta hachibaki (gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu) mpya yenye nguvu, macho yangu yapo kwa Golf GTI ya Volkswagen na Civic Type R ya Honda. Keshi ipo ila ikitoka yote nabaki mweupe. Muuzaji anapigia debe mkopo wa marejesho madogo kila mwezi, mwishoni unalipa donge kubwa au unarudisha gari. Nifanyeje?

HesabuKwanza: Achana na rejesho la mwezi, uliza jumla. Gari la 100, umetanguliza 10, unadaiwa 90. Donge likiwa 45, hiyo 45 haipungui hata senti mkataba mzima na riba unailipia tangu siku ya kwanza, ndo maana mwezi unaonekana mtamu. Na gari jipya linaporomoka sana mwaka wa kwanza, ukitaka kutoka katikati unakuta deni limezidi gari. Nunua lililotumika mwaka mmoja. Halafu GTI ya sasa ni gia za oto tupu, gari la wavivu, nani atakuja kulinunua kwako?

DSG_Milele: Wavivu kina nani? DSG, hiyo gia ya oto ya Volkswagen, inabadili gia kabla mguu wako haujafika kwenye klachi. Ongea hesabu, dereva huna habari naye.

Klachi3: Haraka sawa, raha iko wapi? Soko limeshasema, Type R haijawahi kuwa na oto, GR Yaris ya Toyota ilianza 2020 na gia za mkono tu, na zote mbili zinashika bei.

DSG_Milele: GR Yaris inashika bei kwa sababu wanaoitaka ni wengi kuliko magari yenyewe! Toyota wenyewe 2024 wakaiwekea na oto. Fiesta ST ya Ford ilikuwa mkono tu, mbona nayo ilishuka?

DadaTurbo: Jamani kaka wa watu kauliza pesa. Msukani, soma kama bei ya mwisho, yaani thamani ya gari mkataba ukiisha, imehakikishwa kwenye mkataba. Kama ipo, gari likishuka chini ya hapo unarudisha funguo, hasara inabaki kwa mkopeshaji, na hiyo ndiyo faida ambayo HesabuKwanza kairuka. Ila wanahesabu kilomita na mikwaruzo, ukizidisha unalipa. Na uliza bima mapema, haya magari bima yake inauma.

HesabuKwanza: Sijaruka kitu dada. Na wewe DSG_Milele, naendesha gia za mkono toka najifunza, nisiambiwe sijui udereva.

Msukani: Imehakikishwa, ila kilomita walizoweka ni chache kwangu, kazi yangu ni ya kusafiri. Nafikiria nikope kawaida bila donge, nikae na gari miaka 7 au 8.

Klachi3: Ukikaa nalo hivyo kushuka bei mwaka wa kwanza hakukuhusu sana. Chukua Type R basi.

DSG_Milele: Mtu wa safari unampa klachi kwenye foleni kila siku?

Klachi3: Mguu ni wake, wewe unaumia nini?