Kupunguza ramani ya zahanati kutoka vipimo halisi hadi mfano wa 1:50: nimekosea wapi?

mwanafunzi_wa_usanifu

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninaandaa mfano wa zahanati ya kijiji kwa ajili ya mradi wa mwaka wa tatu. Ramani yake nimeichora katika AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, kwa vipimo halisi: jengo lina urefu wa mita 24 na upana wa mita 14.4, na kuta za tofali za saruji za inchi 6 zina kimo cha mita 3. Ubao nitakaousimamishia mfano una sentimita 60 kwa 45, na kuta ningependa zikatwe kwa leza kwenye plaiwudi ya milimita 3.

Nilichagua skeli ya 1:50, yaani sentimita 50 za jengo ziwe sentimita 1 ya mfano, nikagawanya 1 kwa 50 nikapata 0.02, kisha nikateua mchoro wote na kutumia amri ya SCALE, ya kubadilisha ukubwa, kwa namba hiyo. Nilipolipeleka faili karakana, fundi alilifungua akaona kidoa kimoja tu katikati ya kioo cha kompyuta. Tena vipimo vilivyoandikwa kwenye mchoro vimebadilika vyote, na palipokuwa na 24.00 sasa pana 0.48. Je, ni hesabu niliyokosea, au kuna hatua niliyoiruka? Vilevile naona 1:50 inaacha nafasi kubwa pembeni mwa ubao. Je, si bora nitumie 1:42 ili mfano uujaze?

mchora_ramani

Marahaba. Hesabu yako ni sahihi. Kilichokuponza ni kizio. Ile 24.00 inaonyesha kwamba ulichora kwa mita, yaani kila kizio kimoja cha mchoro kinasimama badala ya mita moja, ilhali programu ya mashine ya leza kwa kawaida hukisoma kizio hichohicho kuwa milimita moja. Kwa hiyo zahanati yako ilifika karakana ikiwa na urefu wa nusu ya milimita hivi, na fundi hakukosea kuiona kidoa. Mita 24 ni milimita 24,000. Ukigawanya kwa 50 unapata 480, na ili 24 iwe 480 unazidisha kwa 20. Ajabu ya jambo hili ni kwamba ili uipunguze zahanati inakubidi uukuze mchoro mara 20. Aliyechora kwa milimita tangu mwanzo ndiye anayetumia 0.02.

Mchoro wa asili usiuguse kabisa. Hifadhi nakala yenye jina jingine, fanyia kazi humo, na ukimaliza pima ukuta mmoja kwa amri ya DIST, inayopima umbali, kabla ya kutuma chochote. Kuhusu vipimo vilivyoandikwa, kwenye faili la leza vifute pamoja na milia ya kujazia kuta na maandishi yote, kwa maana mashine haina haja navyo. Kwenye nakala utakayoichapisha ambako unataka visomeke kwa mita kama mwanzo, weka DIMLFAC, namba ambayo programu huzidishia vipimo inapoviandika, iwe 0.05, na 480 itaandikwa tena 24.00.

Ikiwa unachotaka ni karatasi tu ya kubandika juu ya mbao na kukata kwa kisu, huna hata haja ya kubadilisha ukubwa wa mchoro. Uache ulivyo, fungua ukurasa wa kuchapishia, na ndani ya dirisha lake andika ZOOM kisha 20XP, yaani kila kizio cha mchoro kiwe milimita 20 kwenye karatasi. Karatasi ya A3 haitatosha, kwa kuwa ina milimita 420 na ramani yako ina 480, tumia A2. Hakikisha umezima chaguo la kutosheza mchoro kwenye karatasi, kwani chaguo hilo limeharibu mifano mingi kuliko visu vibovu. Chora pembeni mstari wa milimita 100, chapisha, kisha uupime kwa rula.

Wazo la 1:42 liache. Rula ya skeli haina upande wa 1:42, na mwalimu atakayetaka kupima upana wa mlango kwenye mfano wako atalazimika kushika kikokotoo. Kwa 1:50 unabakiwa na sentimita 6 kila upande kwa urefu na takriban 8 kwa upana, nafasi ambayo utaihitaji kwa njia, tangi la maji, miti, na upana wa paa linalotokeza nje ya kuta.

fundi_leza

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu vizio, ila nina la kuongeza, maana wanafunzi wengi hufika kwangu na mchoro uliopunguzwa kwa usahihi kabisa na bado vipande haviingiani. Skeli inapunguza kila kitu isipokuwa unene wa mbao uliyonunua. Tofali la milimita 150 kwa 1:50 linatoa milimita 3 kamili, jambo linalokufanya uamini kwamba kazi imekwisha, lakini plaiwudi inayouzwa kwa jina la milimita 3 mara nyingi ukiipima kwa vernia, kile kipimio cha unene, unakuta 2.7 au 2.8. Ipime kwanza, kisha chora maungio upya kwa kipimo ulichokipata.

Chukua mfano wa pembe za jengo. Kuta fupi zikisimama katikati ya kuta ndefu, zisikatwe kwa milimita 288 kama ramani inavyosema, bali 288 ukitoa unene wa mbao mara mbili, yaani 282.6 ikiwa mbao ni 2.7. Ukisahau, mfano unanenepa kwa milimita 5.4, ambazo kwenye jengo halisi ni sentimita 27, na paa halitakaa.

Leza nayo hula mbao. Yangu hula karibu milimita 0.2 kwa upana wa mkato, hivyo ninapotaka tundu la 2.7 huchora 2.5. Mashine zinatofautiana, mwombe fundi wako akate kipande cha majaribio chenye matundu matano ya vipimo vinavyopishana kwa 0.1, uchague linaloshika bila gundi.

Halafu kuna vitu visivyokubali kupunguzwa. Nondo za dirisha za milimita 12 zinakuwa 0.24, karibu sawa na upana wa mkato wenyewe, kwa hiyo zitaungua zote. Hizo zichorwe kwa leza yenye nguvu ndogo juu ya plastiki angavu, zisikatwe.

mwanafunzi_wa_usanifu

Nawashukuru sana. Nimezidisha kwa 20 na ukuta mrefu sasa unasoma 480. Plaiwudi yangu nimeipima na ni 2.8. Limebaki swali moja la paa: eneo la sakafu ni mita za mraba 345.6, nimegawanya kwa 50 nikapata karibu 7, na sielewi ni vipi mfano wa kuweka mezani udai mita 7 za mraba za manila.

mchora_ramani

Kwa sababu eneo lina pande mbili, na kila upande umegawanywa kwa 50. Gawanya kwa 2,500, utapata mita za mraba 0.138, ambazo ndizo zilezile sentimita 48 kwa 28.8. Kwa paa ongeza sehemu inayotokeza nje na ile inayotokana na mwinamo. Nyuzi za mwinamo hazibadiliki: paa la nyuzi 22 linabaki na nyuzi 22 katika skeli yoyote.

fundi_leza

Na usiezeke kwa karatasi ya boksi lenye mikunjo ukidhani inafanana na mabati. Mawimbi yake hupishana kwa milimita 6 hadi 8, ambayo kwa 1:50 ni bati lenye migongo ya sentimita 30 hadi 40, wakati bati la kawaida lina milimita 76 tu, yaani 1.5 kwenye mfano wako. Tumia manila laini na uikwaruze mistari kwa rula na ncha ya kalamu iliyokwisha wino, kila baada ya milimita moja na nusu.