Mama mkwe hataki chipsi: Iringa hadi Kyela tule wapi?

Mkwe_Mtiifu:
Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi natoka Iringa mjini na gari ndogo kwenda Kyela, nimembeba mama mkwe. Chipsi hali, kuku wa kisasa hataki hata kumwona, na hoteli za mabasi anasema unameza huku honi inakuita. Anataka chakula kama cha kijijini kwake. Tusimame wapi?

Utingo_Mstaafu:
Mafinga mtakuwa hamjasikia njaa. Makambako, pale njia ya Njombe inapochepuka, kunyweni chai, baridi yenyewe itawasimamisha. Wali wa Usangu ulieni Chimala au Igurusi, tena kwenye vibanda yalipolala malori ya Tunduma. Dereva wa lori hali pabaya mara mbili. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, mkiukuta kwenye madumu njiani, wewe uliyeshika usukani pita tu!

Mama_wa_Uyole:
Huyo mama ni wa Kyela halafu mnampa wali njiani? Anao kwao! Mwanangu, fika Uyole, kata kushoto njia ya Tukuyu, tafuta mbalaga, ndizi zetu za kupikwa na maharage. Mimi mwenyewe napika, nakwambia cha kuangalia. Ndizi tunamenya alfajiri, mikono imepakwa mafuta, la sivyo utomvu unakutia weusi wiki nzima. Maharage yanatangulia jikoni, yakilainika ndizi zinafuata, moto wa kuni unapunguzwa, ziive taratibu mpaka mchuzi uwe mzito wenyewe.

Kabla hujakaa, omba uonje maharage. Yakiwa yamepondeka nje na ladha inakaribia sabuni, wametia magadi ili yaive haraka. Kuni ni ghali, nawaelewa, lakini ondoka. Na mnafu, ile mboga chungu ya majani, uulize kama wamemwaga maji ya kwanza ya kuchemshia. Wanaomwaga wanawaogopa wageni, wanadhani ule uchungu utawakimbiza. Mkweo akiukosa uchungu atajua kapikiwa na mtu wa mjini.

Mkwe_Mtiifu:
Shikamoo mama. Nikifika saa nane mchana nitaikuta?

Mama_wa_Uyole:
Marahaba. Saa nane utakuta tunasugua sufuria. Inaisha saa saba, siku za mnada hata kabla.

Utingo_Mstaafu:
Basi ondoka saa kumi na moja alfajiri. Na vijijini mwendo ni hamsini kwa saa, trafiki wamejaa. Usimkimbizie mama wa watu mbalaga.

Mkwe_Mtiifu:
Saa kumi na moja! Ngoja nimpigie sasa hivi, yeye kujiandaa tu ni masaa mawili.