Tupeane uzoefu: waliofanya lipo (upasuaji wa kuvuta mafuta mwilini), zile siku za katikati zilikuwaje?

Mama wa Katuba (mwanzilishi)
Jambo yenu, wamama na wadada wa Lubumbashi. Toka nirudi Afrika Kusini, nikipita soko la mtaa wetu wa Kenya lazima mtu anivute pembeni: "Mama, tumbo umelipeleka wapi?" Wengi wameanza kuweka dola, na wanachokijua ni picha ya kabla na picha ya baada. Naanza mimi.

Nilikuwa na kilo 76, watoto watatu, na tumbo la chini lililokataa kuondoka hata nilipopunguza bukari (ugali) na kutembea kila asubuhi. Docta alinichora kwa kalamu nikiwa nimesimama, maana ukilala mafuta yanahama. Kisha wanakujaza maji chini ya ngozi: maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini, inayobana mishipa ili damu isitoke nyingi. Ndipo wanaingiza mrija mwembamba kupitia vitundu vidogo, wanausukuma mbele na nyuma huku mashine inavuta. Mimi walinivuta lita 3.

Usiku wa kwanza vile vitundu vilivuja maji yenye wekundu mpaka shuka likalowa. Nililia nikidhani damu inaniishia. Kumbe ni yale maji waliyoweka, hutoka siku moja au mbili. Siku ya tatu nikapanda mzani: kilo 78! Uvimbe huo. Mwili ulikuwa kama umetwangwa, na weusi wa michubuko ukateremka hadi mapajani. Koseti ya kubana niliivaa wiki 6, usiku na mchana, katika joto la mwezi wa 10 kabla ya mvua. Ngozi ilikufa ganzi miezi 3. Umbo lenyewe nililiona mwezi wa tano baada ya upasuaji.

Na mzani? Leo niko kilo 74. Anayetaka kupunguza uzito asiweke dola zake huku, nasema kwa upendo.

Yaya (dada mkubwa) wa Ruashi
Asante mama kwa kusema wazi. Mimi nilikataliwa. Docta alishika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akasema mafuta yako mengi yako ndani, yamezunguka matumbo, na huko mrija hauingii. Ni chakula na mazoezi tu. Nilitoka na hasira. Sasa namshukuru, angeweza kula pesa yangu akanyamaza.

Mdogo wenu, Kampemba
Mimi sikwenda mbali. Kuna mtu alinifanyia nyumbani kwake, bei ya chini, hakuna aliyekuwa akiangalia presha wala pumzi yangu. Wiki ya pili upande wa kushoto ukajaa maji, nikapata homa, usaha ukatoka. Nililazwa siku 9. Leo tumbo lina mabonde, na nikivaa nguo ya kubana yanaonekana. Sikuuliza swali hata moja kuhusu kazi yake. Wadada, ulizeni: ni daktari wa upasuaji? Wa ganzi ni nani? Nikizidiwa usiku, nitapelekwa wapi?

Muuguzi wa zamu
Pole sana mdogo wangu, na asante kwa ujasiri wa kuandika.

Naongeza jambo moja kwa wanaokwenda India au Uturuki. Baada ya upasuaji damu hupenda kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kukaa saa nyingi ndani ya ndege kunazidisha hatari. Msikate tiketi ya kurudi kesho yake ili kuokoa pesa ya hoteli. Siku ya kusafiri apange daktari. Tembeeni mapema, hata hatua chache chumbani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, ni hospitali saa ileile. Usimngojee mume arudi kazini. Na mwambieni daktari dawa zote mnazokunywa: aspirini, vidonge vya uzazi wa mpango, hata mizizi ya kienyeji. Atakayekuahidi kuvuta lita 8 na kukurudisha nyumbani jioni, mkimbie. Kwa anayerudi nyumbani siku hiyohiyo, lita 5 kwa kawaida ndiyo mpaka.

Bibi-arusi mtarajiwa
Yaya zangu, mimi ninaolewa mwaka huu na bado sijazaa. Nifanye sasa au ningoje?

Mama wa Katuba
Mwanangu, ngoja. Mafuta yaliyovutwa hayarudi, ila yaliyobaki yanaweza kunenepa, na mimba itaivuta ngozi upya. Ngozi iliyolegea lipo haiikazi. Mimi mwenyewe nina mkunjo mdogo chini ya kitovu ambao haukuondoka. Zaa kwanza. Ukishamaliza, na kama bado unataka, niandikie. Nitakuja kukaa na wewe zile siku tatu za mwanzo, maana kuinuka kitandani peke yako hutaweza.